Tope la Jumamosi

Fundi seremala aliyekuwa jirani yetu Majengo aliondolewa kando ya barabara kwa maandishi ya mkono wangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asinidhanie vizuri, halafu nije nimwangushe mbele ya safari. Banda lake lilikuwa la nguzo sita na mabati yaliyokwisha kutumika mahali pengine. Chini yake alitengeneza vitanda, meza na madawati, na kila aliyepita kwenda sokoni aliviona. Fundi wa namna ile huishi kwa kuonekana. Ukimwondoa barabarani umemwondoa kwenye riziki yake, na mimi nilikuwa nalijua hilo nilipokuwa naandika.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nimezaliwa hivyo, na ualimu ukanikomaza. Nimesimamia mitihani miaka mingi, namjua mtoto anayekohoa kwa sababu ya kifua na yule anayekohoa kwa sababu ya swali la saba. Nyumbani niliweka alama ya kalamu kwenye chupa ya mafuta ya taa, ingawa tulikuwa wawili tu. Na miaka ile ilinipa haki. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa, na kila kitu kilikuwa na bandia yake: betri zinazozima siku ya pili, sabuni isiyotoa povu, viatu vinavyofumuka kabla ya Pasaka kufika. Kule mlimani tulikotoka wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na magari yao na mizani yao, na baba yangu akawa anazunguka nyuma ya mizani na kuinama kuchungulia chini yake, kama vile atakuta mguu wa mtu umeikanyaga. Mtu asiyeshuku miaka ile tulimhesabu mjinga.

Baba alishuka kuja kukaa nami mama alipofariki. Nyonga ilikuwa inamsumbua, na njia za kule juu ni za kupanda na kushuka tu. Kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, alimwachia mdogo wangu wa mwisho, kama desturi yetu ilivyo. Nyumba ya Majengo, aliyoinunua zamani kahawa ilipokuwa bado kahawa, tukaishi humo sisi wawili. Mimi nilikwisha kuachika wakati huo, na sioni haja ya kueleza zaidi.

Huko juu baba alikuwa mkuu wa mfongo. Kwa asiyeujua, mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu, unaotoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye migomba ya watu. Una zamu zake, na una siku yake ya msaragambo, ambapo kila anayekunywa maji yake hutoka na jembe kuusafisha. Baba ndiye aliyeamua nani anyweshe lini, na ndiye aliyewafuata wezi wa maji. Maana wapo. Mtu anaamka kabla ya wenzake, anaweka mgomba na udongo katikati ya mfongo, maji yanageukia kwake, na wa chini anabaki anatazama tope. Kwa hiyo baba alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea. Maji hayapotei njia yenyewe. Yakikosekana, kuna mkono wa mtu, na yakizidi, kuna mkono wa mtu.

Mjini alikuta maji yamefungwa ndani ya bomba, hayamuulizi mtu. Maji pekee ya wazi yaliyopita mbele ya macho yake yalikuwa ya mtaroni. Basi akauchukua mtaro.

Ule mtaro ulikuwa na sheria zake, na mimi nilizijua kuliko mtu yeyote mtaani kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati ya usafi. Mtaro unaopita mbele ya nyumba ni jukumu la anayeishi humo, awe mwenye nyumba au mpangaji. Mitaro mikubwa inayopeleka maji mtoni ni ya mji. Ni marufuku kutupa taka au kumwaga maji machafu. Tope linalotolewa lizolewe, lisiachwe kando. Atakayesababisha mtaro kuziba ataonywa mara mbili, na mara ya tatu kilichosababisha kitaondolewa. Nilizisoma kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, baba akiwa ameketi benchi la mbele, akiitikia kwa kichwa baada ya kila moja.

Kila Jumamosi asubuhi alivaa mabuti ya mpira, akachukua beleshi alilokuja nalo kutoka mlimani, lenye mpini aliouchonga mwenyewe, akaingia mtaroni. Alianza kwenye kona ya juu ya nyumba yetu na kuteremka nao taratibu. Tope alilolitoa alilipanga ukingoni, upande wa barabara, akalipiga kwa mgongo wa beleshi mpaka likawa laini na likang'aa. Juu ya ukingo alipanda masale. Hayo ni majani yetu marefu ya kijani, yasiyokufa kirahisi, tunayoyapanda mipakani ili mtu asisogeze mpaka. Pia ndiyo majani ya kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukamletea isale, kwa desturi yetu hana ruhusa ya kukukatalia.

Watu walikuwa wanasimama kuutazama ukingo ule. Bwana afya, ambaye alipita na pikipiki na fito ya chuma ya kuchokonolea mitaro, alisimama mbele yetu kila wiki kwa ajili ya kupumzisha macho. Alisema kila nyumba ingekuwa na mzee kama huyu, yeye angeomba likizo. Baba alijifanya hakusikia, lakini mchana ule alikula vizuri. Mimi nami nilifurahi, nakiri. Tangu mama afariki sikuwa nimemwona akisifiwa kwa lolote.

Fundi alipanga nyumba iliyofuata yetu, upande wa chini. Alikuwa mzaliwa wa Majengo, Mwislamu, mtu wa maneno machache, mwenye penseli nyuma ya sikio na kofia iliyojaa vumbi la mbao. Maranda aliyafagia kila jioni akayatia kwenye magunia, na akina mama wafuga kuku walikuja kuyachukua. Alimwamkia baba shikamoo kila asubuhi bila kukosa. Mbele ya nyumba yake mtaro ulipita chini ya daraja dogo la zege, la zamani, lenye tundu jembamba. Hapo ndipo kila kitu kilipokwama.

Mvua za vuli za mwaka ule zilipopiga, mtaro ulijaa, maji yakarudi nyuma, yakapita chini ya mlango wetu na kuingia chumbani kwa baba. Nilirudi kutoka shule nikamkuta amekaa kitandani, miguu juu, Biblia na kitabu cha nyimbo mapajani, anatazama kandambili zake zinavyoelea. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu zama za mfongo, uso wa kazi. Akasema kuna mtu ameziba.

Tulikwenda kutazama. Tundu la daraja la fundi lilikuwa limeshiba tope, na juu ya tope maranda meupe yalikuwa yamejikunja. Bwana afya alikuja, akachokonoa, akayaona maranda, akampa fundi onyo la kwanza. Fundi alilipokea. Alichukua koleo, akazibua, na jioni yake akaweka ubao mrefu pembeni mwa banda ili upepo usipeperushe hata randa moja.

Mwezi uliofuata mtaro ukaziba tena, palepale. Onyo la pili.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Nikipita mbele ya banda lake nilitazama mikono yake kabla ya kumtazama usoni. Nilihesabu magunia. Niliweka kipande cha tofali jekundu mtaroni karibu na daraja lake nione kama kitasogezwa, kikasogezwa, na mimi nikaandika kwenye daftari la kamati, kana kwamba maji yenyewe hayana nguvu ya kusogeza tofali. Nilijiambia kwamba simwonei kwa sababu si wa kwetu wala si wa kanisa letu. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno.

Kisha baba akaanza kulalamika kwamba anaibiwa ukingo. Nilidhani ni uzee. Lakini alinipeleka akanionyesha. Jumamosi alikuwa ameacha ukingo unaofika katikati ya muundi wake, na Jumatatu ulifika kwenye kifundo cha mguu. Masale yalikuwa yamesimama palepale, wima, lakini udongo chini yake umepungua. Alipima kwa fimbo mbele yangu. Wiki ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Watu wa mjini wanaiba hata udongo, alisema, na mimi nilimwamini kuliko nilivyoiamini fimbo.

Jumapili moja, katikati ya ibada ya kwanza, niligundua kwamba nimesahau miwani, na zamu ya kusoma somo ilikuwa yangu. Nilimwacha baba kanisani nikarudi nyumbani mbiombio. Nilipokata kona nilimwona. Fundi alikuwa ameinama mbele ya nyumba yetu, toroli pembeni, koleo mkononi, anaubomoa ukingo wa baba. Alikuwa anafanya polepole, kwa uangalifu, kama mtu aliyezoea. Pale barabarani alikuwa peke yake, maana watu wa kanisani walikuwa kanisani, na yeye alizijua saa zetu.

Nilisimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya kona. Moyo ulikuwa unanienda mbio, na nitasema ukweli, ulikuwa unanienda mbio kwa furaha. Hakuna utamu kama wa mtu wa kushuku anayeona alichokuwa anakishuku. Sikungoja kuona zaidi. Nilizunguka kwa nyuma, nikachukua miwani, nikarudi kanisani nikasoma somo bila kutetemeka, na mchana nikaketi mezani nikaandika. Niliandika kwamba mimi, katibu wa kamati, nilimwona kwa macho yangu fundi huyo akibomoa ukingo na kuusukumia mtaroni. Neno la kusukumia nililiongeza mwenyewe. Nilikuwa na hakika nalo, ingawa sikuwa nimeliona.

Bwana afya alikuja Jumatano na karatasi yangu na vijana wawili wenye nyundo. Baba alitoka akasimama kwenye ukingo wake, ameegemea fimbo. Bwana afya alianza kwa kumsifu mzee mbele ya watu waliokusanyika, kwamba wapo wanaojenga na wapo wanaobomoa. Halafu akaisoma karatasi, akasema hilo ni kosa la tatu na banda linaondolewa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama baba kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Ni kweli nilikuwa pale, mwalimu," alisema.

Nililichukua jibu lile kuwa ni kukiri, na kila aliyekuwepo alilichukua hivyo. Vijana wakaanza na mabati. Fundi mwenyewe aliwasaidia kuzing'oa nguzo ili zisipasuke, akafunga vifaa vyake kwenye gunia, akaondoka na mkokoteni wa kukodi. Kabla ya kuondoka alimuaga baba kwa adabu, na baba hakumjibu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na daftari la kamati kifuani.

Wiki zile zilikuwa za amani. Ukingo wa baba uliota. Kila Jumamosi ulipanda kidogo, na kila Jumatatu aliupima akaukuta vilevile. Alianza hata kupiga mluzi, jambo alilokuwa amelisahau. Umeona, mama, alikuwa akiniambia, maana aliniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Umeona, mwizi ameondoka.

Masika ilipofika ilileta mafuriko ambayo mtaa wetu haukuwa umewahi kuyaona. Maji yalipanda mpaka kwenye godoro la baba. Mimi na majirani tulimtoa nje kwa kumbeba mgongoni, yeye na Biblia yake, akiuliza njia nzima ni nani sasa. Na mimi, badala ya kujiuliza jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angejiuliza, nilimgeukia mwanamke mwenye saluni upande wa pili wa barabara. Nilikwisha kuona nywele za bandia kwenye mtaro. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika saluni.

Fundi alikuwa ameihama na nyumba aliyopanga, daraja lake sasa halikuwa na mwenyewe, kwa hiyo kulizibua lilikuwa jukumu la kamati, na kamati siku ya matope ni katibu peke yake. Nilivaa mabuti ya baba, nikaingia mtaroni, nikapitisha mkono chini ya zege mpaka begani. Nilikuwa natafuta nywele. Kitu cha kwanza nilichokishika kilikuwa kigumu na kirefu. Nilikivuta kikatoka isale, zima, na mizizi yake. Nikavuta jingine. Yakatoka matano. Nyuma yake yakatoka mabonge ya udongo yenye upande mmoja laini kama sahani, upande uliopigwa kwa mgongo wa beleshi. Randa sikuliona hata moja, wala unywele.

Nilikaa chini pale pale mtaroni, maji yakipita kwenye mapaja yangu. Mtaa mzima ule hakukuwa na nyumba nyingine yenye masale.

Nilielewa yote kwa mara moja, na ilinikera jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Mfongo unakata ubavu wa mlima. Una upande wa juu na upande wa chini, na tope likiwekwa upande wa chini likapigwa, ndilo linaloyashikilia maji yasimwagike bondeni. Ndivyo baba alivyofundishwa, na baba yake kabla yake. Mtaro wa mjini unashuka pamoja na barabara, hauna upande wa chini. Mvua ikija, maji ya barabarani yanausukuma ukingo na kuurudisha mtaroni, na unateremka mpaka kwenye tundu jembamba la jirani. Sheria ilikuwa imeandikwa kabisa, tope lizolewe, na mimi niliisoma kwa sauti mbele ya yule mzee. Lakini mtaani nilimshuku kila mtu isipokuwa yeye. Yeye ndiye aliyekuwa msafi kuliko wote.

Kwa hiyo fundi hakuwa akiziba. Hilo lilikuwa wazi. Ila sikujua bado alikuwa anafanya nini na koleo lile Jumapili, na bado, Mungu anisamehe, kipande kidogo ndani yangu kilitumaini kwamba alikuwa na kosa fulani.

Niliuliza nikaambiwa yuko Shirimatunda, pembezoni mwa mji, nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Nilikwenda Jumamosi mchana, nikiwa na isale moja nililoliosha na kulifunga kwenye gazeti. Pale palikuwa pazuri, pana kivuli na mahindi ya kutosha, lakini hapakuwa na mtu anayepita. Kitanda kimoja kilichokamilika kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na vumbi juu yake lilikuwa la siku nyingi. Fundi alikuwa anapiga randa. Alinisalimu kama vile tulionana jana, akanipangusia kigoda.

Nilimwambia niliyoyakuta chini ya zege. Sikulia, kwa sababu sikuona haki ya kumlilia mtu niliyemkosea mimi. Nilifungua gazeti, nikampa isale kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alilipokea, akaligeuza, akatazama mizizi.

"Hili nalijua," alisema. "Nimelipanda kwa mkono wangu zaidi ya mara kumi."

Ndipo aliponieleza, akitazama ubao wake. Baada ya onyo la kwanza alikwenda kwa baba akamwambia kwa heshima kwamba tope la ukingoni linarudi mtaroni. Baba alimjibu kwamba yeye amezaliwa juu ya mfongo, na tope lililopigwa vizuri si tope tena, ni ukingo. Akamwambia akaangalie maranda yake. Fundi hakurudi tena kubishana na mtu mzima. Baada ya onyo la pili akaona njia rahisi ni kulizoa mwenyewe, Jumapili tukiwa kanisani, si lote, ili mzee asivunjike moyo. Alikuwa anang'oa masale, anachota udongo kujaza toroli, anaupeleka kwenye shimo la taka, halafu anayarudisha masale yasimame kama mwenyewe alivyoyapanda. Tangu aanze kufanya hivyo mtaro haukuziba hata siku moja, na mimi nilikuwa na daftari lakini sikuliona hilo.

Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele ya bwana afya.

"Mzee alikuwa amesimama pale juu anasifiwa," alisema. "Wewe ungesema?"

Nilimwomba msamaha tena, na nikamkumbusha, kwa upumbavu, kwamba kwa desturi yetu isale halikataliwi. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza. Alilaza lile jani juu ya meza yake ya kazi, taratibu.

"Hiyo ni desturi ya kwenu, mwalimu. Mimi hukuniondoa kwa jani. Uliniondoa kwa karatasi."

Akarudi kwenye randa yake. Nilipokuwa naondoka aliniuliza nani anazoa sasa. Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Nilijua alichokuwa anataka. Karatasi moja tu, kutoka kwa katibu yule yule kwenda ofisi ile ile, inayosema kwamba fundi hakuwa na kosa na tope lilitoka nyumba gani. Bwana afya angekuja na karatasi hiyo, angeisoma mbele ya watu kama alivyoisoma ya kwanza, na baba angekuwa amesimama juu ya ukingo. Nilianza kuiandika mara tatu, nikaichana mara tatu. Badala yake nilinunua toroli.

Baba alikuwa ameujenga upya ukingo na kuupanda masale mapya. Kila Jumapili nilimpeleka ibada ya kwanza, nikamwambia mimi nitasali ya pili, nikarudi. Niling'oa masale, nikachota, nikayarudisha. Kila mara niligeuka kutazama kona, kwa woga wa kuonekana. Pazia la saluni lilikuwa linasogea, na nilijua kabisa mwenye saluni anaona nini, kwa sababu niliwahi kukiona mimi. Mtaro haukuziba. Nilijidanganya kwamba nalipa. Lakini Shirimatunda kitanda kile kiliendelea kushika vumbi, na mimi nilikuwa nimeficha aibu yangu ndani ya kazi ya yule niliyemdhulumu.

Wiki ya nne, Jumatatu jioni, baba aliingia ndani na fimbo yake ya kupimia. Alikaa mezani. Macho yake wakati huo yalikuwa yamefifia, kila barua nilimsomea mimi.

"Mwizi amerudi, mama," alisema.

Alisema ameupima ukingo mara mbili. Alisema huenda ni yule yule, anakuja kwa siri kulipiza. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mkuu wa mfongo, mtu mwenye kazi ya kufanya, na uso wake ulikuwa na uhai.

"Andika," akasema. "Andika kama ulivyoandika ile."

Nilimtazama. Kama angeniambia jambo lingine lolote, nadhani ningeendelea na toroli langu mpaka leo. Nikaleta karatasi na kalamu, nikaketi mbele yake, nikaandika. Niliandika kwamba tope lililoziba mtaro lilitoka mbele ya nyumba ninayoishi, ambalo ni jukumu langu kulizoa na sikulizoa. Niliandika kwamba fundi aliyeondolewa alikuwa akilizoa kwa hiari yake, na kwamba neno la kusukumia nililiongeza mimi bila kuliona. Niliomba arudishiwe nafasi yake. Baba alikuwa anasikiliza mkwaruzo wa kalamu, amekunja mikono juu ya fimbo.

Nilipomaliza aliniuliza kama nimeandika jina la mwizi.

Nilimwambia nimeliandika, chini kabisa, na nimetia sahihi.

"Isome," alisema baba, akasogeza kiti chake karibu, na mimi nikavaa miwani.